Rovu: Swali la Mama wa Mwaya

Mwezi huu tunalijibu swali la mama mmoja wa Mwaya, kule Kyela, ukingoni mwa Ziwa Nyasa. Ana mimba ya miezi minne, na shingo yake imevimba kwa mbele. Anajifunga kitambaa ili watu wasione. Joto la Kyela tunalijua. Hakuna ajifungaye kitambaa shingoni huko kwa sababu ya baridi! Mama mkwe amemwambia ni ugonjwa wa ukoo. Anatuuliza: "Mtoto wangu naye atazaliwa nalo?"

Mama mpendwa, uvimbe huo huitwa rovu, au goita. Chini kidogo ya kikoromeo kila mtu ana tezi ndogo yenye umbo kama la kipepeo, iitwayo thairoidi. Hiyo hutengeneza homoni zinazouendesha mwili: joto, mapigo ya moyo, kukua kwa mtoto. Ili izitengeneze inahitaji madini joto. Yakipungua, tezi hutanuka, kama mvuvi anayeongeza nyavu samaki wanapoadimika.

Kwa nini huko kwenu? Mvua nyingi za milima ya Rungwe na Livingstone zimeyaosha madini hayo kutoka ardhini kwa karne nyingi. Mpunga, ndizi na mihogo ya udongo wa namna hiyo huwa na madini joto machache. Utasema, "Lakini sisi tunakula usipa na mbasa kila siku." Ni chakula kizuri sana, endeleeni. Ila samaki wa maji baridi hawana madini joto mengi kama wa baharini. Ndiyo maana rovu huweza kuonekana kwa mama, binti na bibi wa nyumba moja: wengine hurithi wepesi wa kulipata, lakini pia wote wamekula chungu kimoja.

Sasa mtoto. Hatuna haja ya kukutisha, wala hatutakuficha. Mtoto haogopewi shingo, anaogopewa akili. Miezi ya mwanzo hutegemea homoni za mama yake kujenga ubongo. Upungufu mkubwa huweza kuharibu mimba, au mtoto akazaliwa mzito wa kuelewa, hata kiziwi. Kwa hiyo usingoje kujifungua. Nenda kliniki wiki hii.

Nchi yetu imelishughulikia jambo hili. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa katika wilaya zilizoathirika zaidi, na katikati ya miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi ya kula itiwe madini joto. Watoto wa shule wenye rovu walikuwa kama 25 kati ya 100 katika miaka ya 1980. Mwaka 2004 walikuwa kama 7.

Lakini sheria haiingii jikoni kwako. Chumvi ya kupimwa kwa kopo kutoka gunia lililo wazi huenda haina kitu. Nunua ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Iweke kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na moshi na unyevu, usiioshe, na uitie chakula kikikaribia kuiva. Usizidishe kipimo; chumvi nyingi huleta shinikizo la damu. Na mihogo michungu iloweke na kuianika vizuri, maana sumu yake huizuia tezi kutumia madini hayo.

Tuseme wazi pia: chumvi hukinga, lakini rovu kubwa la miaka mingi kwa kawaida haliondoki kwa chumvi. Wala si kila uvimbe umetokana na upungufu huo. Mama anayekonda ingawa anakula, moyo ukimwenda mbio na mikono ikitetemeka, huenda tezi yake inafanya kazi kupita kiasi. Anayesikia baridi, uchovu na usingizi wakati wote, huenda yake imelegea. Kipimo cha damu ndicho hutofautisha, na dawa zake ni tofauti kabisa, kwa hiyo usimeze vidonge vya jirani. Ukipewa vyako, usiviache bila kumwuliza daktari, hasa ukiwa mjamzito. Na kuchanjwa shingoni tafadhali kataa. Kunaleta vidonda na kupoteza miezi.

Uvimbe ukikua haraka, ukiwa mgumu, sauti ikikwaruza, au ukishindwa kumeza na kupumua, usikawie. Ikibidi, hospitali ya wilaya Kyela itakupeleka ya rufaa Mbeya. Wako wanaohitaji kupasuliwa, lakini wengi hawahitaji.

Mwombe baba watoto akusindikize. Na mkifika kliniki, fungua kile kitambaa. Muuguzi atakupima tumbo na presha, lakini shingo iliyofunikwa hawezi kuiona.