Ujirani si Nasaba: Dhidi ya Dhana ya "Fasihi ya Kialtai"

Ni ada iliyokita mizizi katika fasihi linganishi kuzitia katika kapu moja tendi za mataifa ya Kituruki na zile za Wamongolia, kisha kapu hilo likabandikwa jina la "fasihi ya Kialtai". Mhakiki akishapewa jina hilo huona kazi imekwisha. Akikuta fani, cheo au mungu yule yule katika maandishi ya pande zote mbili, husema ni urithi wa mama mmoja, wala hasumbuki kuuliza nani alimpa nani, lini na kwa sababu gani. Kosa hili halikuanzia kwa wahakiki. Walilikopa kwa wanaisimu, ilhali wengi wa wanaisimu hao wamekwisha kulitupa.

Mwaka 1730 Philip Johan von Strahlenberg, afisa wa jeshi la Sweden aliyetekwa na Warusi akaishi Siberia miaka mingi, alichapisha kitabu kilichojaribu kuzipanga lugha za nchi hiyo kimakundi. Karne iliyofuata Mfini Matthias Castrén alizichunguza lugha hizo papo hapo zinaposemwa. Lakini walioifanya hoja ya undugu kuwa nadharia kamili ni Mfini mwingine, G. J. Ramstedt, na baada yake Nicholas Poppe. Mikononi mwao Kituruki, Kimongolia na Kitungusi (ambacho tawi lake mashuhuri ni Kimanchu) zikawa lugha za tumbo moja. Kikorea kikaongezwa, kisha Kijapani.

Hoja iliyowavutia wengi ni ya muundo: kwamba lugha hizi ni ambishi bainishi, zina upatanifu wa irabu, na kitenzi hukaa mwisho wa sentensi. Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji kusafiri hadi Mongolia ili auone udhaifu wake. Kiswahili nacho hupachika kiambishi juu ya kiambishi, na irabu ya mnyambuliko hupatana na ya mzizi: pika huzaa pikia, soma huzaa somea. Hakuna mwanaisimu makini anayedai kwa sababu hiyo kwamba Mswahili na Mturuki wana lugha mame moja.

Msamiati wa kimsingi ndio unaoiumbua nadharia. Kituruki cha Uturuki huhesabu bir, iki, üç. Kimongolia cha leo huhesabu neg, khoyor, gurav. Kimanchu kilihesabu emu, juwe, ilan. Jicho ni göz kwa Mturuki na nüd kwa Mmongolia. Kichwa ni baş na tolgoi. Mkono ni el na gar. Damu ni kan na tsus. Gerard Clauson aliitoa hoja ya namna hii mwaka 1956, na hadi leo haijapata jibu la kuridhisha. Watetezi husema nambari hukopwa, na kwamba Kiswahili chenyewe kilichukua sita, saba na tisa kutoka Kiarabu. Ni kweli. Ila Kiswahili kilibaki na mbili, tatu, nne na tano za Kibantu, na jicho, kichwa na mkono vilibaki vya Kibantu pia (damu peke yake ndiyo iliyokopwa). Ndugu hukopa, lakini alama za kuzaliwa humbakia. Kwa Waturuki na Wamongolia alama hizo hazionekani, na yanayofanana kwa wingi ni maneno ya mifugo, utawala na maandishi, yaani yale hasa ambayo majirani hupeana.

Mfano ulio wazi ni neno la maksai. Kituruki husema öküz, Kimongolia üker. Watetezi huiona z ikilingana na r, wakashangilia kanuni. Lakini Kichuvashi, ambacho ni tawi la Kituruki lililojitenga mapema, nacho kina r: văkăr. Wahungaria husema ökör, na inakubalika kwamba walilikopa neno hilo kutoka tawi hilo hilo. Iwapo Mhungaria alikopa umbo lenye r, kwa nini Mmongolia awe amerithi? Hata ulinganifu wa sauti ulio kamili haumalizi ubishi. Bitig ya Waturuki wa kale, yaani maandishi, iliingia katika Kimongolia, na ti yake ikageuka chi sawa na ti za wenyeji. Leo ni bichig.

Hoja nzito ya upande wa pili ni ya viwakilishi nafsi. Mmongolia husema bi kwa "mimi" na minii kwa "yangu". Mmanchu alisema bi na mini. Kituruki kina ben na men. Viwakilishi havikopwi kwa urahisi, na anayeipuuza hoja hii hatendi haki. Hata hivyo m hiyo ya nafsi ya kwanza imo katika minä ya Kifini na katika lugha nyingi za Ulaya. Ikiwa ndiyo shahidi, basi ukoo huu hauna mpaka.

Kamusi kubwa ya etimolojia ya Starostin, Dybo na Mudrak ilitoka mwaka 2003. Miaka miwili baadaye Alexander Vovin, aliyewahi kuwa mtetezi wa nadharia, aliipinga hadharani. Mwaka 2021 Martine Robbeets na wenzake waliurudisha ukoo huu kwa jina la Transeurasia, wakiuhusisha na wakulima wa mtama wa bonde la mto Liao. Jina jipya halikutibu donda: mti wa nasaba unaochorwa na kompyuta hutegemea maneno iliyolishwa, na maneno hayo ndiyo yenye ubishi.

Afrika Mashariki inalijua kosa hili. Mwaka 1912 Carl Meinhof alikiweka Kimaasai miongoni mwa lugha za Kihamiti, dhana za mbari na ufugaji zikichanganywa na isimu. Kundi hilo lilivunjwa na Joseph Greenberg, ambaye uainishaji wake ulitoka kamili mwaka 1963.

Mhakiki naye ana hasara yake. Cheo cha kagani kimo katika jiwe la Kul Tigin la mwaka 732, kimo pia katika Historia ya Siri ya Wamongolia ya karne ya 13. Mfuasi wa nasaba huona urithi. Lakini watawala wa Rouran walikuwa wakijiita hivyo kabla Waturuki hawajawapindua mwaka 552 na kukitwaa cheo pamoja na dola, ilikuwa ngawira. Hati ya Wamongolia ilitoka kwa Wauiguri baada ya ushindi wa Chinggis dhidi ya Wanaiman mwaka 1204, nao Wauiguri waliipata kwa Wasogdia, watu wa lugha ya Kiirani. Utendi wa Geser uliopigwa chapa kwa Kimongolia mjini Beijing mwaka 1716 ulitoka Tibet. Mtibeti hana nafasi katika kapu la Kialtai, na mhakiki anayeling'ang'ania huanza kumsoma Geser akiwa katikati ya safari.