Kolwezi: Kobalti inahesabiwa kwa tani, ile iliyo mwilini haihesabiwi

Tangu mwezi wa kumi 2025, kobalti ya Kongo haitoki nchini bila kipimo. Serikali ilikuwa imesimamisha uuzaji wake nje ya nchi tangu tarehe 22 mwezi wa pili mwaka huo, kisha ikaweka viwango: tani 96,600 kwa mwaka 2026, na hesabu hiyohiyo kwa mwaka 2027. Kila kampuni imepewa sehemu yake, na kila mzigo unapaswa kukaguliwa.

Lakini kuna kobalti nyingine ambayo haifiki mpakani. Ni ile inayobaki katika mapafu, damu na mkojo wa wakaaji wa Kapata, Kasulo na mitaa mingine ya Kolwezi, jimboni Lualaba. Hiyo haina kiwango wala daftari. Na mtu wa kwanza anayeweza kuishuku si daktari bingwa wa Lubumbashi au Kinshasa, bali ni muuguzi wa kituo cha afya cha mtaani. Je, shule inamwandaa kuiona?

Kampuni ilipoondoka, kazi ya mgonjwa ilisahaulika

Kapata ni mtaa wa wafanyakazi wa Gécamines. Enzi za kampuni hiyo, mwajiri ndiye aliyekuwa na nyumba, shule na hospitali. Mfanyakazi alipougua, aliyempokea alijua anatoka shimoni, kiwandani au ofisini, kwa sababu hospitali na mgodi vilikuwa chini ya bwana mmoja.

Gécamines ilianguka miaka ya 1990. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Familia nyingi zilitafuta riziki katika uchimbaji wa mikono. Leo baba ni creuseur, mama anaosha mawe mtoni au ziwani, watoto wanaokota na kuchambua. Anapofika kituoni, mgonjwa huandikwa kama mwanaume wa miaka 34 mwenye kikohozi. Kwamba anashuka shimoni kila siku, au kwamba gunia la madini linalala chumba kimoja na watoto, si lazima mtu aulize.

Ushahidi upo

Si kwamba jambo hili halijachunguzwa. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba watu wa Katanga wanaoishi chini ya kilometa tatu kutoka migodi au viwanda vya kuyeyusha madini wana kobalti nyingi mno katika mkojo. Mwaka 2018 walichapisha uchunguzi wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambamo watu walichimba mashimo ndani ya viwanja vya nyumba zao. Walipima wakaaji 72, wakiwemo watoto 32. Watoto ndio waliokutwa na kobalti nyingi kuliko wote, pamoja na dalili za madhara katika chembe zao za urithi. Chanzo kikubwa kilikuwa vumbi.

Mwaka 2020, uchunguzi mwingine uliofanyika Lubumbashi ulionyesha kwamba watoto ambao baba zao wanafanya kazi ya madini walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kilema. Kobalti si hatari pekee. Vumbi laini la mawe likizama katika mapafu huleta silikosisi, ugonjwa usiopona, na mwenye silikosisi hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko wengine.

Habari hizi zimesomwa Ulaya na Marekani, na viwanda vya magari ya umeme vimeulizwa maswali kwa sababu yake. Njia ndefu zaidi ni ile ya kutoka Lubumbashi hadi kwenye dawati la mwanafunzi wa uuguzi Kolwezi.

Mafunzo ya Durba

Kongo imekwisha kulipa gharama ya kutouliza mgonjwa anafanya kazi gani. Durba, katika Haut-Uélé ya leo, wachimbaji wa dhahabu walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa kutokwa damu miaka mingi kabla dunia haijashtuka. Wenyeji waliufahamu na wakaupa jina la mahali pao. Tahadhari kubwa ilitolewa mwaka 1999, baada ya daktari mkuu wa hapo naye kufa. Ilikuwa Marburg. Kati ya 1998 na 2000 wagonjwa 154 walihesabiwa, na 128 kati yao walikufa.

Wachunguzi walipoweka kazi ya kila mgonjwa kwenye orodha, karibu nusu walikuwa wachimbaji, na karibu wote hao walikuwa wakishuka mgodi mmoja, Gorumbwa, wenye popo wengi. Virusi havikuingia mara moja tu kisha kusambaa; vilitoka mgodini mara kwa mara. Mgodi ulipojaa maji, ugonjwa ulikoma. Maabara ilitaja jina la ugonjwa, lakini swali la kazi ndilo lililoonyesha mlango wake.

Swali hilo si geni. Mganga wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliwashauri wenzake tangu mwaka 1700 wamuulize kila mgonjwa anafanya kazi gani.

Darasani panahitaji nini?

Programu ya Institut Technique Médical, ITM, ni ya taifa: inayofuatwa Kolwezi ndiyo inayofuatwa Mbandaka. Inaweka mbele vijidudu, malaria, kolera, surua, chanjo na uzazi salama. Hilo ni haki, maana malaria ingali inajaza vituo vya afya kote nchini. Ripoti ambayo kila kituo hutuma kwa zoni ya afya kila juma nayo inafuata njia hiyo. Inahesabu wagonjwa kwa jina la ugonjwa na kwa umri. Vumbi halina mstari wake.

Hata hivyo, Kolwezi haihitaji kusubiri programu mpya. Mwanafunzi amekwisha kufundishwa kufuata kolera kutoka chanzo, kupitia njia yake, hadi kwa mtu. Mnyororo huohuo unafaa kwa madini. Chanzo ni shimo, gunia, lori au kiwanda. Njia ni hewa, maji, mikono na nguo za kazi. Mtu ni mchimbaji, lakini pia mke anayefua nguo zake na mtoto anayecheza sakafuni. Mwalimu anayetumia Kapata kama mfano hafundishi somo la ziada. Anafundisha lilelile, kwa ugonjwa ambao wanafunzi wanauona wakirudi nyumbani.

Katika stage, maswali matatu yangetosha kuanzia: unafanya kazi gani, tangu lini, na nani mwingine nyumbani anagusa madini? Majibu yakiandikwa kila siku na kujumlishwa kila mwezi, zoni za afya za Dilala na Manika zingeweza kuona ni mtaa gani unakohoa zaidi, na kazi gani inaleta wagonjwa.

Wapo watakaouliza faida ya kumfundisha muuguzi kushuku ugonjwa asioweza kuupima wala kuuponya. Kituo chake pengine hakina maabara, na wauguzi wengi wanasubiri mshahara na prime zisizofika. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mchimbaji anayekohoa zaidi ya majuma mawili anastahili kupimwa makohozi, na dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Kulowesha mawe kabla ya kuyaponda, kuvua nguo za kazi kabla ya kuingia nyumbani, kuondoa gunia mahali watoto wanapolala: ushauri huo hauhitaji mashine. Zaidi ya hapo, ugonjwa usiohesabiwa hauna anayedaiwa.

Na fedha si kisingizio kamili. Sheria ya migodi ya 2018 inadai kampuni zitoe angalau 0.3% ya mapato ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka. Kwa kawaida wakaaji huonyeshwa majengo. Vipimo vya mkojo kwa watoto, vifaa vya kupima kifua kikuu na mafunzo kwa walimu wa ITM havina utepe wa kukata mbele ya kamera, lakini vingeingia katika fungu hilohilo.

Serikali imeonyesha kwamba ikitaka inaweza kufuata kobalti hadi tani ya mwisho. Inabaki kuamua kama itafuata pia ile iliyobaki katika kifua cha mchimbaji wa Kapata, na kumpa muuguzi kalamu na elimu ya kuiandika.