Kimya cha Vijiji vya Mani Kina Wenyewe

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku hizi msemo huo umepinduliwa. Mgeni ndiye atafutaye kupona, na mwenyeji ndiye ajiulizaye kama atasalia. Ukifungua vitabu vya wasafiri na matangazo ya mawakala wa safari, utaona kitu kimoja kinachouzwa kuliko vitanda na vyakula, nacho ni kimya. Waambiwa njoo ufuoni ambako hakuna mtu, njoo kijijini ambako hakuna kelele. Miongoni mwa mahali panaposifiwa hivyo ni Mani, rasi ya mawe iliyoko kusini mwa Ugiriki.

Mimi nasema Mani yastahili kutembelewa, na sifa zake nyingi ni za kweli. Lakini kimya kile hakikuzuka chenyewe. Kina sababu na kina wenyewe, na mtu akiingia nyumba ya watu yampasa ajue ameingia kwa nani.

Kwanza tuiangalie nchi ilivyo. Kusini mwa Peloponnese pametokeza rasi tatu mfano wa vidole, na Mani ni kidole cha kati. Magharibi yake ni ghuba ya Messinia, na mashariki ni ghuba ya Lakonia. Katikati umepita mlima Taygetos, ambao kilele chake kinapita mita 2,400, nao washuka hadi ncha ya Tainaron, mwisho wa bara la Ugiriki upande wa kusini. Mlima na bahari vimekaribiana mno hata mwanadamu ameachiwa nafasi ndogo tu ya kujenga na kulima.

Atokaye mji wa Kalamata kwa njia ya pwani ya magharibi afika Kardamyli baada ya kilomita kama 35. Jina hilo ni la kale mno. Homer alilitaja katika Iliad miongoni mwa miji saba ambayo Agamemnon aliahidi kumpa Achilles ili kumtuliza hasira. Leo ni kijiji cha nyumba za mawe na mashamba ya mizeituni, na ufuo wake ni wa kokoto. Mtu aliyezoea mchanga laini wa kwetu, akivua viatu pale ataona cha mtema kuni. Lakini maji ni safi hata waziona kokoto za chini kana kwamba hapana maji.

Mbele kidogo ni Stoupa, penye mchanga, na karibu yake ufuo wa Kalogria, ambako chemchemi za maji baridi zabubujika ndani ya bahari yenyewe. Hapo mwaka wa 1917 mwandishi Nikos Kazantzakis alishirikiana na mtu mmoja aliyeitwa Georgios Zorbas kuchimba makaa ya mawe. Kazi ile haikuwatajirisha, lakini ilizaa riwaya mashuhuri ya Zorba iliyotolewa mwaka wa 1946. Mwandishi aliihamishia hadithi yake kisiwani Krete, na filamu ya mwaka wa 1964 ikapigwa huko huko Krete. Ndiyo sababu wengi waliosoma kitabu na kutazama filamu hawajui kwamba Zorba wa kweli alitoka jasho Mani.

Kusini zaidi iko Agios Nikolaos, bandari ndogo ya wavuvi. Kisha Limeni, ambako nyumba za mawe zimesimama ukingoni mwa maji ya kijani. Halafu Gerolimenas, iliyojificha chini ya jabali kubwa, na ng'ambo ya pili Porto Kagio, ambayo jina lake latokana na kware, ndege waliokuwa wakinaswa huko kwa wingi wakati wa kuhama kwao. Zamani, kabla ya barabara, vijiji hivi vilikuwa vikifikiwa kwa chombo. Nahodha ndiye aliyeleta nafaka, habari na bwana harusi.

Mtu wa Lamu au wa Vanga hatakuwa mgeni kabisa hapo. Atamwona mvuvi akimpiga pweza juu ya jiwe ili alainike, na pweza wengine wametundikwa kamba wakikauka juani. Atawaona wazee wamekaa mbele ya bahari wakibishana juu ya upepo. Ataona pia majabia ya kuhifadhia maji ya mvua, kwa kuwa upande wa kusini wa Mani hauna mito. Vitu hivi hakuvileta Mwarabu wala Mgiriki. Bahari na ukame ndio waalimu, na wanafunzi wao wako kila pwani.

Sasa tuje kwenye kimya chenyewe. Mani haikuwa nchi ya kimya hata kidogo. Ilikuwa nchi ya baruti. Kila ukoo ulijijengea mnara wa mawe, na ukoo wenye nguvu ulirefusha mnara wake ili uweze kumpiga risasi jirani kutoka juu. Mtoto wa kiume aliitwa "bunduki", maana kuzaliwa kwake kuliongeza silaha katika nyumba. Kisasi cha damu kilirithiwa kama shamba, na ilibidi ifanywe sulhu maalumu ili watu wapate kuvuna. Ardhi ilikuwa kidogo, mawe mengi, maji haba na watu wengi. Ugomvi wa mpaka wa hatua mbili uliweza kumaliza ukoo mzima.

Watu hao walikuwa wagumu kutawaliwa. Dola ya Uthmaniya, iliyoshika Ugiriki karne nyingi, ilijenga ngome ya Kelefa mwaka wa 1670 kuwachunga, na msafiri mkubwa wa Kituruki, Evliya Çelebi, alipita Mani zama hizo hizo na kuiandika katika kitabu chake cha safari. Hata hivyo Sultani aliona afadhali kuwaachia wajitawale chini ya bey aliye mwenyeji wao, jambo lililoanza mwaka wa 1776. Bey wa mwisho, Petros Mavromichalis, ndiye aliyeongoza uasi ulioanzia mji wa Areopoli tarehe 17 Machi 1821. Msomaji Mwislamu ajue basi kwamba akifika huko atakuta historia inayosimuliwa kutoka upande wa pili. Hilo si la kumtia hasira. Ni ilimu kusikia mtu mwingine akikusimulia habari za dola uliyozoea kuisikia kwa sifa.

Baada ya uhuru wao, baruti ilipungua na njaa ikabaki. Karne ya 20 iliwachukua vijana wa Mani, wakaenda Piraeus kufanya kazi bandarini na viwandani, wengine wakavuka hadi Marekani na Australia. Minara ikabaki na wazee, kisha ikabaki na popo. Kijiji cha Vathia, ambacho picha yake hutumiwa sana kuwavuta wageni, ni mfano wa wazi. Minara yake imejazana juu ya kilima kama meno, na mingi haina mtu. Serikali ya Ugiriki, kwa shirika lake la utalii, iliwahi kukarabati baadhi ya minara hiyo ikawa nyumba za wageni, lakini mpango ule haukudumu na milango ikafungwa tena. Basi yule msafiri anayesimama Vathia akashusha pumzi na kusema "kimya kilioje!", hana budi ajue kwamba asifiacho ni kuondoka kwa watu.

Kwa mshairi kuna hazina nyingine huko ambayo matangazo hayaitaji, nayo ni mbolezi. Wanawake wa Mani walikuwa wakikaa kuzunguka maiti na kutunga papo hapo, mmoja akianza na mwingine akipokea, wakieleza maisha ya marehemu, sifa zake na kasoro zake, na akiwa ameuawa, jina la aliyemuua. Mbolezi hizo ndizo zilizokuwa mahakama ya wanawake, na mara nyingi ndizo zilizowasha kisasi. Jambo lililonishangaza ni kipimo chake. Nyimbo nyingi za Wagiriki wa kawaida huenda kwa mizani 15, lakini mbolezi za Mani huenda kwa mizani 8. Mizani 8 ndio kipande cha utenzi wetu, kipimo alichotumia Mwana Kupona mwaka wa 1858 kumuusia binti yake. Sidai kwamba kuna undugu wa damu baina ya tungo hizi mbili. Nasema tu kwamba mizani 8 ni pumzi moja ya mtu mwenye jambo zito moyoni, na pumzi ya mwanadamu ni moja.

Kwa kipimo hicho nami nathubutu kumwambia msafiri:

Mgeni ukifikia
na kimya kukisifia,
uliza walokimbia
ni lipi lilowatoa.

Wako watakaonijibu kwamba bila wageni vijiji hivi vingekufa kabisa. Ni kweli, wala sipingi. Kardamyli ina maduka yaliyo wazi na watoto skuli kwa sababu ya fedha za wageni pia. Mwingereza Patrick Leigh Fermor, aliyeandika kitabu juu ya Mani mwaka wa 1958, baadaye alijenga nyumba yake hapo, akaishi na majirani kwa miaka mingi, akajifunza lugha yao na nyimbo zao. Alipofariki mwaka wa 2011 nyumba ile ikawa mali ya makumbusho ya Benaki ya Athens. Huyo alikuwa mgeni wa namna yake. Lakini kitabu chake kiliwaleta wengine, na filamu iliyotolewa mwaka wa 2013 ikaleta wengine zaidi, na si wote waliokuja kujifunza wimbo. Wengine walikuja kununua nyumba ya babu wa mtu, wakaitia bwawa la kuogelea katika nchi isiyo na maji, na kuifungua wiki sita kwa mwaka. Kijiji chenye nyumba nzuri zilizofungwa hakijapona. Kimepakwa rangi tu.

Jambo la pili ni ufuo. Kwa sheria ya Ugiriki ukingo wa bahari ni mali ya umma. Lakini katika visiwa vingi wenye mikahawa walizidi kupanga vitanda na miavuli hata mwenyeji akakosa pa kutandika taulo lake bila kulipa. Mwaka wa 2023 wananchi wa kisiwa cha Paros waliandamana na mataulo yao mkononi, na vuguvugu hilo likaenea kwingine. Mwaka wa 2024 ikapitishwa sheria kwamba nusu ya kila ufuo uliokodishwa iachwe wazi, na katika sehemu zinazohifadhiwa iachwe asilimia 70, na kwamba vitanda visisogee karibu ya mita 4 na maji. Fuo kadhaa zilipigwa marufuku kabisa kuwekwa vitanda.

Nalitaja jambo hili kwa kuwa latuhusu. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 62, yaihesabu ardhi iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Na bado mvuvi wa kusini mwa Mombasa na wa kaskazini pia aijua njia ya babu yake iliyoishia kwenye ukuta na mlinzi. Wagiriki walikuwa na sheria tangu zamani, lakini haikupata meno mpaka watu wenyewe waliposhuka ufuoni na mataulo. Sheria isiyo na watu ni kama tanga lisilo na upepo.

Nimeulizwa na jamaa kama Mwislamu aweza kutembea huko bila taabu. Aweza, akijua kujiangalia. Mani haina msikiti. Msikiti rasmi wa Athens wenyewe ulifunguliwa mwaka wa 2020 tu, baada ya miaka mingi ya mabishano. Vitoweo vya Mani vimejaa nyama ya nguruwe ya kukaushwa kwa moshi, basi ni lazima kuuliza kabla ya kutia mkono. Lakini samaki wako, mkate uko, jibini liko, na mafuta ya zeituni ya nchi ile ni ya kusifika. Atembeaye baina ya mitini na mizeituni na aliyesoma Suratit-Tin chuoni kwake hatahitaji kufafanuliwa zaidi. Na mji wowote hauwezi kumzuia mtu kusali juu ya jiwe safi mbele ya bahari.

Shauri langu kwa awezaye kwenda ni hili. Asiende Agosti, wakati kila Mgiriki yuko pwani. Aende Mei, au aende Oktoba bahari ikiwa bado na joto na watu wakijitayarisha kuvuna zeituni. Alale katika nyumba ambayo mwenyewe yumo, ale kwa mtu anayevua, anunue mafuta kwa mtu anayekamua. Ajifunze maneno kumi ya lugha yao, kwanza salamu. Afike Tainaron kwa miguu, apite magofu ya hekalu la Poseidon mpaka kwenye mnara wa taa, ambako watu wa kale waliamini kwamba pango la karibu ndilo mlango wa kuzimu, akae atazame meli zinazopita.

Na arudipo kwao, asiulize tu vipi tutawavuta wageni kama wao. Aulize pia vijana wa Siyu na Wasini wamekwenda wapi, nyumba za Shela zimekuwa za nani, na njia ya kushukia pwani bado iko wazi au la. Maswali hayo ni bora yaulizwe sasa, wakati bado kuna wa kuyajibu.