Tuta Hili ni la Nani?

Kila ninaposahihisha majibu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, nakutana na sentensi ileile: Misri ya kale iliendelea kwa sababu ilikuwa na Mto Nile. Mwanafunzi aliikariri tangu shuleni, mtahini akaipa alama ya vema, na hakuna aliyeuliza zaidi. Leo nataka kugombana na sentensi hiyo. Ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ikishazoeleka huwa godoro laini la viongozi wasiotaka kuwajibika.

Kwanza tuipe jiografia haki yake. Mvua za nyanda za juu za Ethiopia hunyesha zaidi kati ya Juni na Septemba. Maji yake, yakiwa yamebeba udongo wenye rutuba, yalifika Misri katika miezi ya joto, yakafunika mashamba, kisha yakapungua wakati hasa wa kupanda. Mkondo ulizishusha mashua kuelekea baharini, na upepo wa kaskazini ukayasukuma matanga kurudi kusini. Jangwa la pande zote mbili liliwazuia wavamizi wengi. Hakuna mwanahistoria makini atakayekana kwamba hayo yalikuwa majaliwa makubwa.

Lakini mto huo ulitiririka kwa maelfu ya miaka kabla ya Misri kuunganishwa chini ya mfalme mmoja, yapata mwaka 3100 K.K. Waliobadilika ni watu. Walijenga matuta ya kuyashika maji mashambani, wakasimamisha maghala, wakaweka makarani wa kuhesabu mavuno na kodi. Jiwe la Palermo, lililochongwa kumbukumbu za wafalme wa mwanzo, linataja kimo cha mafuriko mwaka hadi mwaka. Dola ile iliupima mto kwa sababu ilijua kwamba maji yakipungua inakuja njaa, na yakizidi vijiji vinazama. Mto wenyewe haukuwahi kujaza ghala hata moja.

Anayeshikilia kwamba mazingira ndiyo yaliyoamua kila kitu na atueleze habari za Sumeri, kusini mwa Iraki ya leo. Huko mito ya Tigri na Frati ilifurika majira ya kuchipua, theluji ya milimani ilipoyeyuka, wakati nafaka ikikaribia kuvunwa. Mafuriko yalikuja katika wakati mbaya kabisa. Mvua ilikuwa haba mno kwa kilimo bila umwagiliaji. Ardhi haikuwa na madini, mawe ya kujengea wala miti mikubwa ya mbao. Hata hivyo, katika nchi hiyo ya tope mji wa Uruk ulikua hadi ukawa miongoni mwa miji mikubwa ya kwanza duniani, na kabla ya mwaka 3000 K.K. watu wake walikuwa wakiandika. Waliandika nini kwanza? Sehemu kubwa ya vibao vyao vya mwanzo ni hesabu: shayiri, kondoo, posho za wafanyakazi. Shaba na mbao waliziagiza mbali, na matofali wakayafinyanga kwa tope lilelile. Jiografia iliwapa tatizo. Jibu walilitunga wenyewe.

Kwa nini basi simulizi ya mazingira yanayoamua yote inapendwa? Kwa sababu ina faida kwa mwenye nguvu. Mwaka 1748 Montesquieu aliandika kwamba joto hulegeza mwili na moyo wa mtu, na akauhusisha utumwa na nchi za joto. Wakoloni waliikuta hoja hiyo tayari: jua ndilo lililomfanya Mwafrika awe duni, nao hawana lawama. Wakoloni walipoondoka, hoja ilibaki ofisini. Leo inasemwa kwa Kiswahili fasaha na viongozi wetu wenyewe. Njaa imeletwa na ukame. Vifo vimeletwa na mvua. Umaskini wa wilaya umeletwa na umbali wake.

Dawa ya maradhi haya naiona katika sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, zilizochongwa kwenye jiwe yapata mwaka 1750 K.K. Sheria mojawapo inamhusu mtu aliyezembea kuimarisha tuta lake la kuzuia maji. Tuta likibomoka na maji yakaharibu mashamba ya jirani, atalipa nafaka iliyopotea. Akishindwa kulipa, yeye na mali yake watauzwa, na fedha wagawane waliopata hasara. Adhabu hiyo ni ya kikatili, na simtakii yeyote. Lakini tazameni mantiki yake. Hakimu wa Babeli hakuuliza mafuriko yametoka wapi. Aliuliza: tuta hili ni la nani?

Swali hilo tunalikwepa. Desemba 2011 makumi ya watu walikufa kwa mafuriko Dar es Salaam, na bonde la Msimbazi limefurika tena na tena tangu hapo. Aprili 2024 maji yaliwafuata watu wa Mathare, Nairobi, hadi vitandani. Najua mabadiliko ya tabianchi ni ya kweli, na najua si sisi tulioichafua anga zaidi. Lakini mtaro ulioziba una ofisi inayopaswa kuuzibua. Kibali cha kujenga bondeni kina sahihi ya mtu. Maskini anayeishi kando ya mto aliusukumiwa ukingo huo na bei ya ardhi, na bei ya ardhi haishuki na mvua kutoka mbinguni.

Kwa hiyo, mwanafunzi wangu, ukiulizwa kuhusu Nile, utaje mto, kisha umtaje karani aliyeupima na mkulima aliyebeba udongo wa tuta. Mwanaharakati, usikubali ripoti ya maafa inayoanza na kuishia kwa milimita za mvua. Nawe mtumishi wa umma, wahenga walikwisha kukuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Masika yanakuja, kama yalivyokuja mwaka jana, na jina la mwenye tuta linafahamika.