Maji moto Jinja na Mbale: Hita kubwa si lazima iwe hita bora

JINJA/MBALE. Tangu mwaka 1954, maji ya Mto Nile yamekuwa yakizungusha mitambo ya umeme kwenye bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, pembeni mwa mji wa Jinja. Hata hivyo, kwa familia inayoishi kilomita chache kutoka bwawani, kuoga maji moto asubuhi bado ni jambo la kupigiwa hesabu.

Hesabu hiyo inawahusu pia wafanyabiashara wanaovuka Busia na Malaba wakiwa na hita za maji. Mji wa Mbale, chini ya milima ya Elgon, una usiku wa baridi, na Jinja inapokea watalii. Miji yote miwili ina nyumba za wageni, shule za bweni na zahanati zinazohitaji maji moto kila siku. Soko lipo. Tatizo ni kwamba bidhaa nyingi huchaguliwa kwa ukubwa wa tangi na bei ya dukani, wakati hasara ya mnunuzi hujificha kwenye uniti za umeme na kwenye mabomba.

Uniti zinakwenda wapi

Aprili 2025, kampuni ya serikali UEDCL ilichukua usambazaji wa umeme baada ya mkataba wa miaka 20 wa Umeme kumalizika. Bei ya kawaida ya nyumbani ikawa takriban shilingi 756 za Uganda kwa uniti. Wakati huo uniti 15 za kwanza za mwezi zililipiwa shilingi 250, na kuanzia uniti ya 81 hadi ya 150 kulikuwa na bei nafuu ya kupikia, shilingi 412. Mtumiaji aliyevuka 150 alirudi kwenye bei ya kawaida.

Sasa chukua tangi la lita 100. Kupasha maji hayo kutoka nyuzi 22 hadi 60 kunahitaji uniti 4.4 hivi. Likitumika lote kila siku, mwezi unaisha na uniti zaidi ya 130 kwa maji ya kuoga peke yake. Ongeza friji, taa na pasi, na familia imeshapita ile nafuu ya kupikia.

Shawa ya umeme inayopasha maji papo kwa papo huonekana kuwa mlaji mkubwa kwa sababu imeandikwa wati 5,500. Lakini inakula wakati maji yanatiririka tu. Mtu akioga dakika nane, ametumia uniti 0.73, yaani takriban shilingi 550 kwa bei ya kawaida ya wakati huo. Kwa nyumba ya watu wawili au watatu, shawa hiyo mara nyingi ni nafuu kuliko tangi kubwa linaloachwa limewashwa usiku na mchana, maana tangi hupoteza joto hata kama hakuna anayeoga.

Shawa nayo ina masharti. Inavuta ampea 23 hivi, kwa hiyo inahitaji waya wake mnene kutoka kwenye swichi kuu, swichi ya kukata umeme na waya wa ardhi. Kuiunganisha kwenye waya wa taa ni kukaribisha moto au kifo. Pia inahitaji msukumo wa maji wa kutosha. Nyumba yenye tangi la juu lililowekwa karibu sana na dari mara nyingi haina msukumo huo.

Jua lina bei yake

Kwa nyumba ya wageni au shule, hita ya jua ina nafasi nzuri, kwani maji mengi hutumika kila siku na gharama ya kununua hurudi haraka zaidi. Kenya iliona hilo mapema: kanuni zake za mwaka 2012 zilitaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yaweke mitambo ya jua, na majengo yaliyokuwapo yakapewa miaka mitano kujirekebisha. Utekelezaji ulikuwa mgumu, lakini kanuni hizo ziliwafanya wenye majengo wengi waanze kuulizia bidhaa hiyo.

Anayepeleka mitambo hiyo Mbale anapaswa kujua tofauti ya aina mbili. Ile ya mirija ya kioo isiyohimili msukumo hulishwa na tangi dogo la juu, na haiunganishwi moja kwa moja na bomba la mtaani. Ikikaa juani bila maji kisha ikajazwa maji baridi mchana, mirija inaweza kupasuka. Barabarani pia huvunjika, na mteja asiyepata mrija wa akiba huwa na bati la mapambo juu ya paa. Ile ya sahani bapa yenye tangi la msukumo huwa ghali zaidi, lakini huvumilia safari na huungana kwa urahisi na mabomba ya kawaida. Zote mbili zinahitaji hita ndogo ya umeme ya akiba kwa siku za mawingu, ambazo upande wa Elgon si chache nyakati za mvua.

Hasara iliyomo ukutani

Upotevu mkubwa mara nyingi haumo ndani ya hita. Bomba la robo tatu inchi hubeba karibu theluthi moja ya lita kwa kila mita. Kama hita iko mita 20 kutoka bafuni, mgeni anamwaga lita sita za maji baridi kabla ya kuguswa na yale ya moto, na akimaliza, lita sita za moto zinabaki ukutani zikipoa.

Katika nyumba ya vyumba kumi, wageni wakioga mara mbili kwa siku, hizo ni lita 120. Joto linalopotea ni zaidi kidogo ya uniti tano kwa siku, au karibu 160 kwa mwezi, mbali na bili ya maji yaliyomwagika. Hakuna hita mpya inayoponya hasara hiyo. Dawa yake ni kusogeza hita karibu na mabafu, kutumia bomba jembamba pale msukumo unaporuhusu, kuvika mabomba sponji ya kuzuia joto, na kurekebisha kidhibiti joto kisizidi nyuzi 60. Joto hilo linatosha kwa usafi wa tangi.

Hapo ndipo penye biashara ambayo wengi huipita. Sponji za mabomba, vidhibiti joto, elementi, valvu za usalama na fimbo za magnesiamu zinazozuia kutu ni bidhaa nyepesi, hazivunjiki kirahisi, na fundi bomba huzirudia mara kwa mara.

Risiti si cheti cha asili

Mpakani kuna mtego mwingine. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huruhusu mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani kupita kwa cheti rahisi cha asili, ikiwa bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa na imezalishwa ndani ya Jumuiya. Risiti ya duka la Nairobi au Eldoret haiigeuzi hita iliyotengenezwa China kuwa ya Kenya. Mwenye mzigo anaweza kudaiwa ushuru wa forodha, na VAT ya Uganda ya asilimia 18, hata kama kodi ililipwa Kenya.

Sheria ya forodha ya Jumuiya ina msamaha kwa vifaa maalumu vya nishati ya jua na upepo, lakini hita ya umeme haimo humo. Anayechanganya aina mbili katika ankara moja bila kuzitenganisha anajitafutia mabishano. Jambo la busara ni kumuuliza wakala wa forodha bidhaa itaainishwaje kabla ya kuinunua, na kuhakikisha inakidhi viwango vya UNBS. Njia ya panya huokoa kodi ya siku moja, lakini mzigo ukikamatwa mtaji wote unaondoka, na tangi likivuja mteja hana wa kumdai.

Kwa hiyo mfanyabiashara anayefika Jinja au Mbale angeuza vizuri zaidi akianza na maswali matatu: wanaoga watu wangapi, maji yanatoka na msukumo gani, na hita itakaa mita ngapi kutoka bafuni. Majibu mara nyingi yataelekeza kwenye kifaa kidogo kuliko alichokusudia kuuza. Faida ya siku hiyo itapungua, lakini mteja ambaye uniti zake hazikuisha katikati ya mwezi ndiye atakayemleta jirani yake.