Nondo uani, bila jenereta

Likizo ikifika, mtoto anayependa wadudu ataomba atundikiwe shuka jeupe uani awatazame nondo (wale wa usiku, si vyuma vya zege). Mzazi asikimbilie taa kubwa.

Nondo huvutwa zaidi na mwanga wa urujuanimno, ambao binadamu karibu hauoni. Balbu ya njano huleta wachache. Ile ya zebaki ya wati 125 huwaita wengi kweli, ila hudai umeme wa ukutani au jenereta, pamoja na moshi na kelele zake, na huwa ya moto kiasi kwamba matone ya mvua yanaweza kuipasua. Kwa uani yatosha taa ya LED ya urujuanimno ya wati 5.

Pawabenki ya mAh 10,000 hubeba takriban wati-saa 37. Ukitoa kinachopotea njiani, taa hiyo itawaka kama saa 6. Betri ya pikipiki ya volti 12, Ah 7, ina wati-saa 84, lakini ukiinyonya zaidi ya nusu kila mara itakufa mapema.

La kuangalia hasa ni macho. Kwa kuwa mwanga huo huonekana hafifu, mtoto hudhani hauna neno akauchungulia kwa karibu. Taa ielekezwe shukani, watoto wakae nyuma yake.

Mwezi mpevu ukiwaka, wageni hupungua. Na taa izimwe kabla ya kulala, nondo waondoke. Wakibaki hadi asubuhi, ndege huwadonoa hapo hapo shukani.