Mtoto aliyelazwa naye ni mwanafunzi

Mpwa wangu ana selimundu. Maumivu yakimshika analazwa hospitali ya Mnazi Mmoja, na hata akirudi nyumbani hawezi kubanana kwenye daladala kwenda skuli. Huazima madaftari ya wenzake akanakili kitandani, mto ndio meza. Kiswahili anakifuata vizuri. Hesabu ndizo zinazomliza: jibu analiona, njia haioni, na sisi nyumbani hatuwezi kumuelekeza.

Elimu bure ilitangazwa hapa Zanzibar mwaka 1964. Kwa mtoto kama huyu, ubure huo unaishia mlangoni mwa skuli. Na njia za kumfikishia masomo alipo tunazijua: programu ya Tucheze Tujifunze iliwasomesha wadogo vijijini kwa redio. Kule England, mtoto akikosa skuli siku 15 au zaidi kwa maradhi, halmashauri inatakiwa kumpangia masomo.

Naiomba Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali: daktari akiandika barua, mwalimu wa skuli ya jirani aje nyumbani japo mara mbili kwa wiki, na alipwe nauli na muda wake. Walimu wastaafu mitaani mwetu wapo, waulizwe.